Siku Niliyokataza Maji

Nilizaliwa rasini, upande ambao ukisimama ufukweni asubuhi unauona mji wa Musoma ng'ambo ya maji, mweupe mweupe, kama vile bado haujaamka. Nyumbani tulikuwa watu wa kuanika dagaa juu ya mawe. Moto tuliujua wa jikoni tu. Siku nilipomwambia mama kwamba nimechaguliwa kuingia zimamoto, aliendelea kugeuza dagaa kwa fagio lake, halafu akauliza, "Sasa wewe na moto mna ukoo gani?"

Nilikuwa msichana mrefu, mkimya, niliyependa kuogelea mbali kuliko kaka zangu. Labda walioniandika walidhani mtu aliyezoea maji atawafaa.

Aliyenilea kikazi alikuwa sajini mmoja mfupi, mwenyeji wa Bunda, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha wote tusogee karibu. Kabla hajaturuhusu kushika mpira wa maji alitukalisha uwanjani, tukafumba macho, akataka kila mmoja anyooshe mkono kuonyesha upepo unatoka wapi. Tulikaa hivyo mpaka jua likawa kali. Wanawake waliopita na ndoo kichwani walipunguza sauti, wakidhani tuko kwenye maombi. Nakumbuka mwanga mwekundu nyuma ya kope, harufu ya ziwa, na upepo mdogo uliogusa sikio moja zaidi ya jingine. Mpaka leo, nikitoka nje ya nyumba yoyote ile, nasimama kidogo kwanza. Mume wangu amezoea. Ananingoja getini.

Moto wa kwanza kunifundisha kitu haukuwa na mwali. Ilikuwa Bunda, msimu wa pamba, kwenye ghala lililojaa marobota mpaka karibu na bati. Pamba iliyobanwa ikishika moto haiwaki kama nyasi. Inaungua ndani kwa ndani, taratibu, na ukiimwagia maji juu inanyamaza kama imekusikia, kumbe huko moyoni inaendelea na shughuli yake. Ilibidi tuingie kwa zamu, tulivute kila robota nje, tukate mikanda yake na kulifumua. Mitungi ya hewa ilikuwa michache wakati huo, na wengi wetu tulijifunga vitambaa vilivyoloweshwa.

Mle ndani pamba ilikuwa ikipaa. Mwanga uliingia kwa matundu ya bati na vipande vyeupe vilielea katikati yake, vikipanda na kushuka bila haraka. Sikusikia joto. Nikaona kama niko nyumbani, ule wakati wa asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya maji, na mama yuko mahali fulani karibu ila simwoni. Nikataka kukaa. Nilikuwa nimeshapiga goti moja pale sajini aliponishika mkanda kwa nyuma, akaniburuta hadi mlangoni.

Nje alinikalisha chini ya ukuta, akachuchumaa mbele yangu. "Ulikuwa unaona nini?"

"Pamba," nikasema. "Ilikuwa inapendeza."

"Ndiyo hivyo. Moshi wa namna hii haumpigi mtu. Unambembeleza." Akanipa maji ya kunywa na kunitazama mpaka nikamaliza. "Siku utakayokuwa mkubwa wa wenzako, usiangalie moto. Waangalie watu wako nyuso zao."

Alistaafu miaka michache baadaye, akarudi kulima pamba kwao. Mimi nikaendelea kupanda cheo polepole, kwa namna ambayo mtu haioni akiwa ndani yake. Kwanza walinipa zamu, kisha mazoezi ya askari wapya, kisha siku moja nikagundua kwamba nikiingia chumbani watu wanasimama. Wanangu walikulia Nyakato, pale Musoma, wakijua kutofautisha mlio wa gari letu na wa gari la wagonjwa wakiwa bado hawajui kusoma. Nikatumwa Dar es Salaam kusomea kemikali hatari, kwa sababu mkoa wetu una migodi, na barabara zetu zilikuwa zimeanza kupitisha mizigo ambayo zamani hatukuijua. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtu mzima kuliko wengi. Nilipenda masomo yale. Nilipenda kujua kwamba kitu kimoja kinachukia maji, kingine kinachukia joto, kingine kinakaa kimya miaka mingi mpaka kikutane na mwenzake.

Niliporudi nilianza kuwafundisha askari wangu jambo lililowachekesha: kwamba zipo siku gari letu la maji litakuwa adui. Walinisikiliza kwa heshima. Aliyekuwa msaidizi wangu, kijana hodari mwenye mabega mapana na mkono usiotetemeka, aliandika kila nililosema, lakini nilijua hakuamini. Alikuwa mtu wa maji kama nilivyokuwa mimi. Alikuwa akishika mpira unamtii, na katika moto wowote alitaka kuwa wa kwanza kuingia. Nilimpenda kwa hilo, na pia nilimwogopea.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mchana. Kituoni kulikuwa kimya. Wengine walikuwa wanasugua magari, mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikitazama mwanga wa ziwa unavyocheza kwenye ukuta wa jirani. Simu ilipoita, aliyepiga alikuwa mtendaji wa kijiji kimoja wilayani Butiama. Akasema lori limeanguka tangu asubuhi kwenye barabara ya vumbi iendayo machimboni, kichwa cha gari sasa kimeanza kufuka moshi, na mzigo umemwagika.

"Mzigo gani?"

"Kama chokaa, mama. Ni nyeupe. Imo kwenye mapipa."

"Dereva yuko wapi?"

"Yupo. Anawafukuza watu kwa tawi la mti. Watu wanasema anaogopa kuibiwa."

Nikamwambia asimruhusu mtu yeyote kusogea, na asimruhusu mtu yeyote kumwaga maji. Akauliza mara mbili kama amenisikia vizuri. Dereva mwenye chokaa hafukuzi watu kwa tawi.

Njiani nilimpigia mtaalamu wa kemikali aliyekuwa Mwanza. Alisikiliza nilivyomweleza, akasema anaanza safari sasa hivi, na mpaka atakapofika nihakikishe kitu kile kinabaki kikavu. "Kikavu kabisa," alisema, halafu mtandao ukakatika. Nyuma yetu, kwenye kioo cha gari, mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya ziwa, ya buluu nzito, yenye kingo za fedha. Mbele kulikuwa na jua tupu. Vilima vya Butiama vilikuwa vimelala na mawe yake mgongoni, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na kila kitu kilikuwa kizuri mno, kama vile nchi nzima haijapata habari.

Nilisimamisha gari mbali. Askari wangu waliruka chini, mimi nikasimama kwanza. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani, unatupiga mgongoni, unaelekea kule kwenye lori. Hilo lilikuwa jema. Nikachukua darubini.

Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro. Moshi mwembamba ulitoka chini ya injini. Mapipa yalikuwa yamesambaa hadi ukingo wa barabara, mengine yamepasuka, na kilichomwagika kilikuwa vipande vyeupe, vilaini kwa kuvitazama, mfano wa vipande vya sabuni. Kwenye ubavu wa pipa niliona alama ya fuvu. Kando kidogo kulikuwa na dimbwi la mvua ya jana. Njiwa wa porini walikuwa wamelala pembeni ya dimbwi lile, wamepangana, vifua juu, mabawa yamefunguka kidogo. Maji yalikuwa yametulia na anga yote ilikuwa ndani yake. Nilijikuta nimeshusha darubini kabla sijaamua kuishusha.

Dereva alikuwa upande wetu wa barabara. Mwanaume wa makamo, mkono mmoja unaning'inia, mwingine umeshika tawi la mti. Shati lake lilikuwa na vumbi jeupe kuanzia begani hadi kiunoni. Alipoliona gari letu alianza kutupungia tawi kama anavyofukuza ng'ombe.

"Msilete maji!" alisema, sauti imekauka. "Mama, ni sianidi! Ya kusafishia dhahabu! Msilete maji!"

Nyuma yetu watu wa kijiji walikuwa wengi, na hawakumsikia. Walichoona ni gari la zimamoto limejaa maji, lori linafuka moshi, na sisi tumesimama. Mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Wamekuja kutazama kama sisi." Mwingine akasema serikali imeleta gari la maonyesho. Msaidizi wangu alikuwa ameshashusha mpira, amesimama nao tayari, anangoja neno langu tu.

"Afande, ni nyaya za injini zinaungua. Naizima mara moja."

"Hapana."

"Ikifika kwenye dizeli je?"

"Tutatumia mitungi ya unga wa kuzimia moto. Weka mpira chini."

Hakuuweka. Hakuwa mkaidi, ila mikono yake ilikuwa imeshika kitu ilichokiamini, na kichwa kilikuwa bado hakijafika. Nikamsogelea nikasema taratibu, ili watu wasisikie, "Maji yakifika pale itatoka hewa ambayo huioni, na itakulaza kabla hujajua. Na maji yenyewe yatashuka kwenye kijito cha bondeni, wanakochota watu. Angalia wale njiwa." Akatazama. Nilimwona usoni lile jambo lilipomfikia. Akainama, akalaza mpira kwenye nyasi kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto.

Tulivaa mavazi ya kinga, yeye na mimi. Ukiwa ndani ya mavazi yale dunia inaondoka. Kelele za watu zinakuwa za mbali, kama za sokoni ukiwa umezama majini, na kinachobaki ni pumzi yako mwenyewe inaingia na kutoka. Tulitembea kwenye barabara ile nyekundu. Jua lilikuwa kali, vivuli vyetu vilikuwa vifupi na vinene. Mimi nilimfuata dereva, yeye akaenda na mitungi ya unga kwenye injini.

Dereva hakutaka kuondoka. Alikuwa anayumba. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yanapotea, lakini miguu ilikuwa imepandwa pale.

"Ng'ombe watakuja," aliniambia. "Wanapitaga hapa kwenda kunywa. Nimewarudisha mara nyingi tangu asubuhi."

"Nimeweka watu barabarani, pande zote. Hawatapita."

"Na watoto wa shule?"

"Na watoto pia. Twende, kaka."

"Nikikaa tu, nasikia usingizi," akasema. "Ndiyo maana nimesimama."

Nikamshika kiuno, tukaanza kutembea. Alikuwa mzito, na kila hatua alizidi kuniegemea. Nyuma yangu nilisikia unga ukitoka mtungini kwa mvumo mkavu, na nilipogeuka kulikuwa na wingu la vumbi la unga pale kwenye injini, na msaidizi wangu amesimama ndani yake, halafu wingu likatulia na moshi haukuwepo tena. Baadaye aliniambia kwamba huo ndio moto mdogo kuliko yote aliyowahi kuzima, na ndio uliomchosha kuliko yote.

Askari wawili walimpokea dereva mahali tulipotenga, mbali na mzigo. Walimkata shati, wakampangusa lile vumbi jeupe kwa brashi laini, halafu wakamwosha kwa sabuni akiwa ndani ya beseni kubwa, na yale maji hayakumwagwa chini, tuliyatia kwenye pipa letu tukalifunga. Alikaa uchi kwenye beseni mbele ya kijiji kizima na hakuona aibu. Mwanamke mmoja katika umati alivua kitenge chake cha juu, akakirusha kwa askari. Gari la wagonjwa likampeleka Musoma amejifunga kitenge kile cha maua ya njano.

Nilidhani sasa tumeshapata nafasi ya kungoja. Ndipo mwanga ulipobadilika. Mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, yakawa ya kijani cheusi, na upepo uliokuwa wa joto ukaja na ubaridi ndani yake. Tukageuka sote. Kule ziwani mvua ilikuwa imeshashuka na ilikuwa inakuja, ukuta wa kijivu ukitembea juu ya vilima kimoja baada ya kingine, na kila kilima kikiguswa kilitoweka.

Nimekaa kwenye kazi hii nikiomba mvua mara nyingi. Nyumba za nyasi zikiungua, misitu ya milimani ikiungua, nimesimama nikitazama mbingu na kuomba. Siku ile niliiogopa kama nilivyokuwa nikiogopa mbwa nikiwa mdogo. Tulikuwa na turubai moja tu garini, lisilotosha hata robo ya kilichomwagika.

Juu kidogo ya barabara kulikuwa na mawe makubwa bapa, na juu ya mawe wanawake walikuwa wameanika mihogo kwenye maturubai. Turubai baada ya turubai, la buluu, la kijani, jingine lenye viraka. Nao walikuwa wameshaiona mvua, wanaanza kukusanya. Nikavua mavazi ya kinga, nikaosha mikono, nikapanda kwao. Aliyeonekana kuwa mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwembamba, amejifunga khanga mabegani, anakusanya bila haraka kama vile mvua ingemsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika na gari la maji, mbona hamkutumia?"

Nikafikiri nimweleze vipi. Maneno ya darasani yalikuja yote kwa pamoja na hakuna lililofaa. Nikatazama mihogo.

"Mama, hii ni mihogo mitamu au michungu?"

"Michungu. Ndiyo tunapandaga huku, nguruwe hawaili."

"Mtoto akiila mibichi?"

Akaniangalia. "Anakufa. Ndiyo maana tunaloweka, tunaanika, mpaka ule uchungu uishe."

"Ule uchungu wenyewe ndio ule pale barabarani," nikasema. "Sumu ni ileile ya muhogo. Ila pale hakuna muhogo, ni uchungu mtupu, umejaa lori zima. Mvua ikiunyeshea, utashuka wote kijitoni."

Alisimama wima, akatazama lori, akatazama bonde ambako miti ya kijito ilionekana imejipanga. Wenzake waliacha kukusanya.

"Unataka maturubai," akasema.

"Nataka yote."

"Tutarudishiwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mvua ilikuwa karibu sana na ndiyo ni neno fupi. "Hapana, mama. Yakishagusa kile kitu hayatafaa tena. Yatachomwa."

Aliinama akashika pembe mbili za turubai lake, mwenzake akashika nyingine, wakalikung'uta, na mihogo yote ikamwagika kwenye mawe, vipande vyeupe vikiruka na kubiringika. Halafu wa pili akafanya hivyo, na wa tatu. Mihogo ya wiki nzima ilikuwa imetapakaa na mvua inakuja. Walikunja maturubai wakanibebesha begani, wakashuka nami hadi pale nilipowaambia wasipite.

Wanaume walikuwa wanatazama. Mmoja wao, yule aliyesema tumekuja kutazama kama wao, akauliza, "Na sisi tufanye nini?" Nikamwambia alete majembe. Walichimba upande wa juu, mbali na mzigo, mfereji wa kupotosha maji ya kilima yasifike kwenye lori, na askari wangu wakajenga tuta la udongo upande wa chini. Msaidizi wangu na mimi tukavaa tena, tukarudi ndani na maturubai. Tulifunika tukianzia palipopasuka zaidi, tukipandanisha kingo, tukiweka mawe juu. Sikuona saa wala sikusikia watu. Nakumbuka rangi tu, buluu, kijani, buluu, na mikono yake inakutana na yangu kila tulipotandika, na matone ya kwanza yakipiga plastiki, moja hapa, moja kule, mazito, halafu mengi.

Tulioshwa haraka kwenye beseni zetu, tukakimbilia baraza ya kanisa lililokuwa upande wa juu wa upepo. Kijiji kizima kilikuwa pale. Mvua ilishuka kwa nguvu inayomzuia mtu hata kuongea na aliye karibu. Maji yalijaa kwenye ule mfereji, yakapinda, yakaenda njia yake. Kule chini maturubai yalikuwa yanatetemeka na kung'aa, yanapanda kidogo na upepo na kushuka tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Kila yalipopanda nilibana pumzi. Yule mama mwembamba alikuwa amesimama kando yangu. Kitu fulani kilinigusa vidole, nikagundua amenishika mkono. Tulisimama hivyo mpaka mvua ikapita.

Hakuna turubai lililong'oka. Mvua ilipokatika jua lilirudi chini ya mawingu, la manjano, la jioni, na kila kitu kilitoa mvuke. Tuta letu lilikuwa kavu kwa ndani. Wataalamu walifika kabla giza halijaingia, wakiwa na mavazi na vyombo vyao, na mmoja wao alizunguka lile eneo lote, akarudi akaniuliza maturubai tumeyapata wapi. Nikamwonyesha mawe. Mihogo ilikuwa pale imelowa, mbuzi wanaangaliwa wasiisogelee.

Waliuondoa mzigo wote, pamoja na udongo wa juu. Kijito kilifungwa kwa siku kadhaa, maji yakapimwa, yakapimwa tena, halafu watu wakaruhusiwa kuyatumia. Waliokufa ni wale njiwa, na mbwa mmoja aliyepatikana nyuma ya lori. Wilaya ilipeleka maturubai mapya, ya rangi moja yote, na chakula cha kufidia mihogo. Nilikuwepo siku ya kugawa. Yule mama alilikunjua lake, akalinusa, akasema lina harufu ya dukani.

Siku moja wiki ile, tukiwa tunasugua vifaa, msaidizi wangu akasema, bila kuniangalia, "Afande, pale nilikuwa nimeshafungua nusu." Alimaanisha koki ya mpira wa maji. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nimeiona mikono yake. Tukaendelea kusugua. Siku hizi ni yeye anayefundisha askari wapya somo la kemikali, na nimesikia anafundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu anaanza na hofu yake mwenyewe.

Dereva nilimtembelea hospitalini Musoma. Walikuwa wamemtibu sumu na kumfunga mkono. Alikuwa amekaa kitandani anatazama dirishani, na aliponiona alijaribu kusimama.

"Kaa, kaka."

"Mama, ile siku nilikuwaga nasikia watu wananiita," akasema. "Nilikuwa naona kama nimeshafika nyumbani, Manyamanyama kule Bunda, naona mlango wangu. Nikasema nikiufungua huu mlango, basi. Nikawa naupita tu. Narudisha ng'ombe, nauona tena, naupita."

Nikamwambia kwamba na mimi, zamani, nilishawahi kuuona mlango wa namna hiyo ndani ya ghala la pamba. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Tulikaa pale, watu wawili tuliofika mahali pamoja kwa njia mbalimbali.

Alirudi kazini baada ya mkono kupona, ila kwa mizigo ya kawaida. Nilipoanza kutoa mafunzo kwa madereva wa mizigo hatari pale Bunda, nilimwomba aje kuzungumza. Alikuja amevaa suti. Mbele ya madereva wenzake alizungumza kwa sauti ndogo, akawaonyesha jinsi ya kusimama upande wa upepo, na walipomuuliza kwa nini hakukimbia, alifikiri sana, akasema barabara ile ina ng'ombe wengi. Walicheka kidogo, halafu wakaacha.

Baada ya mafunzo alinikaribisha kwake. Mke wake alikuwa nje anachagua mchele kwenye ungo, akanisogezea kigoda, akanikaribisha kwa heshima nyingi mpaka nikaona haya. Mume aliingia ndani kubadili nguo, akakawia. Tulimsikia anakoroma. Mke akatabasamu, akasema siku hizi usingizi unamchukua popote, mchana kweupe, na yeye humwacha.

"Dada," akasema baadaye, mikono ikiendelea na mchele, "huyu hajawahi kunieleza siku ile ilikuwaje. Nikimuuliza anasema alianguka na gari, basi. Wewe ulikuwepo."

Nikamweleza. Nilianza na tawi la mti, jinsi alivyokuwa akilipunga, na ng'ombe aliowarudisha tangu asubuhi, na jinsi alivyokataa kukaa chini. Nikamweleza alivyouliza habari za watoto wa shule. Ungo ukasimama. Punje zilizobaki pembeni alizikusanya kwa kidole, moja moja, akizitazama, na sikuharakisha. Nilipofika kwenye beseni na kile kitenge cha njano alicheka mpaka akajipangusa macho na upindo wa khanga, akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Wanawe walikuwa wanaingia kutoka shuleni, wanavua viatu mlangoni, na akawaashiria waje wakae karibu, wasikilize, wasimwamshe baba yao.